Watu wanacheka hata nikiwa na shida, Shangazi nifanyeje?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usilitoe, na jina la yule jamaa ninayemuigiza ndo usilitaje kabisa maana ukilitaja hilo tu hata mtoto wa darasa la pili atakwambia mi ni nani. Nina miaka 44, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni muvi za vichekesho, au niseme ilikuwa kazi yangu maana siku hizi nikiulizwa nafanya nini nabaki nameza mate.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili unielewe. Nilianzia jukwaani, kikundi cha watu saba, hatuna kitu, tunaigiza popote tukiitwa. Siku moja aliyetakiwa kuigiza mlevi hakutokea, nikasukumwa mimi, sijajiandaa, nataka kukaa kwenye kiti kiti kikavunjika kweli nikaenda chini miguu juu, na badala ya kuinuka haraka kwa aibu nikainuka taratibu huku nakiangalia kile kiti kama vile kimenitukana. Watu walicheka mpaka wakawa wanapigana mabega. Kale kaanguko Shangazi ndo kamenilisha miaka 15. Kulikuwa na prodyuza pale, akaja nyuma ya jukwaa akasema namtaka yule jamaa anayeanguka, akaniambia niongeze mwili kidogo, mnene akianguka inachekesha zaidi, basi nikala.

Muvi ya kwanza ilipotoka, wiki chache tu, nikawa sina jina langu tena. Kila mahali naitwa jina la yule jamaa, mpaka mama mkwe siku moja alijisahau akaniita hivyo mbele ya wageni. Tukatoa ya pili, ya tatu, ya nne, na katikati wengine nao wakawa wananiita ila wananitaka nije vilevile, nguo zilezile, sauti ileile, nianguke. Kuna mwaka niliigiza muvi sita, nyingine skripti napewa asubuhi mchana tunashuti, nyingine hakuna skripti kabisa wananiambia we tuchekeshe tu. Pesa ilikuwepo, sidanganyi. Nilijenga, nikasomesha wadogo zangu wawili, nikawa natoa bila kuhesabu.

Kushuka hakukuja siku moja. Zilianza simu kupungua. Ya nne ilipotoka watu wakasema mbona kama ile ya tatu, na walikuwa na haki maana hata mimi tukiwa tunashuti nilikuwa najua sini inayofuata bila kusoma. Halafu wakaja hawa vijana wa video za dakika moja kwenye simu, mtu kashacheka kabla hata hajakaa, sasa nani ataniangalia mimi saa moja na nusu? Yule prodyuza akawa hapokei. Nilikuwa namsalimia kila Ijumaa, baadaye nikaacha maana nilijiona kama naomba. Huu ni mwaka wa pili mke wangu ndo anabeba nyumba, kodi hatulipi kwa sababu nilijenga lakini chakula, ada, umeme, vyote yeye. Hajawahi kunisema hata neno moja na kule kukaa kimya kwake ndo kunanimaliza, bora angegomba.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Miezi minne iliyopita binti yangu wa miaka 9 alianguka akavunjika mkono, usiku, nikambeba mpaka hospitali, foleni ndefu, mtoto analia na mi natetemeka. Watu wakanitambua. Mmoja akatoa simu akasema "tuangukie kidogo basi tukupishe", wengine wakaanza kupiga makofi. Shangazi nilimkalisha mtoto kwenye benchi nikaanguka. Palepale kwenye korido, miguu juu, kama zamani. Wakacheka, na kweli wakanipisha tukaingia kabla ya wote. Wakati anafungwa plasta mtoto akaniuliza, "Baba, kwani we ulikuwa huogopi?" Toka siku hiyo sijalala vizuri, chakula nakula tu kwa sababu kimewekwa mezani. Video ikasambaa, na chini yake watu wanaandika kumbe huyu bado yupo, nilijua alishakufa.

Na cha ajabu ile video ndo imerudisha simu. Prodyuza kapiga mwenyewe, anataka tufanye ya tano. Mkataba kanitumia, hela ni nusu ya niliyolipwa kwenye ya nne ila ipo, theluthi napewa nikisaini tu. Lakini natakiwa nirudishe mwili (nilipungua kilo 14 kwa amri ya daktari, magoti yameisha), nianguke mwenyewe, na nisionekane kwenye muvi nyingine yoyote mpaka upite mwaka mmoja toka hii itoke. Kusaini ni mwisho wa mwezi huu.

Wiki hiyohiyo dairekta mmoja kijana sana, ni mdogo hata kwa mdogo wangu wa mwisho, kanitafuta anataka niigize baba aliyepotelewa na mtoto. Muvi siriasi, hakuna kicheko hata kimoja. Anasema aliiona ile video ya hospitali na aliirudia mara nyingi kuangalia uso wangu wakati nainuka. Hana hela, ananiahidi asilimia kumi ya faida. Nilisoma skripti nikaenda kulia bafuni.

Moyo wangu wote uko huku kwa kijana. Nataka watu waone kwamba mi ni muigizaji kweli, siyo kinyago cha kuangukaanguka. Jim Carrey si aliweza? Alikuwa anavuta uso tu na baadaye watu wakamheshimu. Lakini nikimwangalia mke wangu nasikia aibu, nitamwambiaje nimekataa hela nimechukua muvi ya bure? Na nikisaini hii ya tano naona kama namzika mtu na huyo mtu ni mimi. Rafiki zangu niliowaambia nusu yao walicheka. Walidhani natania.

Nisaidie Shangazi.

Ni mimi mwanao, Baba wa Watatu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mkono wa binti, pole ya magoti, na pole sana ya ule usiku wa hospitali.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimeshika kalamu, na kuna kitu nimekiona. Huyo mhusika wako kila unapomtaja ni yule jamaa, yule jamaa, kama mtu aliyekuibia. Hujamsema vizuri popote isipokuwa sehemu moja, pale unaposimulia alivyozaliwa, kiti kimevunjika na wewe ukainuka taratibu unakiangalia kama kimekutukana. Hiyo sentensi haikuandikwa na mtu anayemchukia, nakwambia, mpaka mimi nilicheka peke yangu hapa sebuleni halafu nikaona haya kucheka maana najua barua inaelekea wapi. Kwa hiyo mambo ya mkataba tutayafikia, ila niruhusu nianze na wewe na huyo jamaa.

Nilivyokuelewa ni hivi. Ulipanda kwa kitu kimoja, ukakirudia mpaka wewe mwenyewe ukakichoka kabla ya watu, kazi ikakauka, nyumba ikahamia mabegani kwa mama watoto, na sasa milango miwili imefunguliwa kwa wakati mmoja, mmoja una hela na unadai mwili wako, mwingine hauna hela na unakupa kile unachokiita heshima. Na katikati kuna usiku mmoja ambao unauona kama ushahidi kwamba hata ukiwa na mtoto anayelia mkononi dunia inakuona kichekesho tu. Nimekosea?

Huo usiku ndo nataka tuuangalie upya, taratibu. Wewe umeusimulia kama siku uliyodhalilishwa, na waliokutoa jasho pale walikosea, mtu mwenye mtoto aliyevunjika mkono hapaswi kuambiwa atumbuize ndo apishwe, hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini nikiwa nje naona pia baba ambaye hakuwa na hela ya kumpeleka mtoto kwingine, hakuwa na cheo cha kumpitisha mbele, alikuwa na kitu kimoja tu duniani na akakitoa bila kuhesabu, kwenye sakafu ngumu, na magoti yale. Na mtoto akaingia. Sikulazimishi uone hivyo. Nakuomba tu usiuache usiku ule na maana moja.

Halafu ukapita haraka sana juu ya jambo ambalo mimi lilinisimamisha. Huyo dairekta kijana anasema aliirudia ile video kuangalia uso wako wakati unainuka. Unainuka, mwanangu. Kitu kilekile ulichofanya miaka 15 iliyopita na kile kiti! Watu walidhani wanacheka kuanguka, na prodyuza alidhani hivyohivyo ndo maana akakwambia ongeza mwili, kumbe kuanguka kila mtu anaweza, kiti kikivunjika hata mimi nitaanguka. Kilichowashika watu ni ule uso baadaye. Sasa ukiniambia unataka kuachana na kichekesho ili uwe muigizaji kweli, nakuuliza kwa upole, una uhakika hivyo ni vitu viwili? Kuna Leslie Nielsen, yule mzee wa nywele nyeupe aliyekuwa anasema mambo ya ajabu kwa uso mkavu kabisa. Alizaliwa 1926, na kwa karibu miaka 30 alikuwa anaigiza muvi siriasi tu, mtu wa sauti nzito na suti, mpaka ilipotoka ile komedi ya ndege mwaka 1980 akiwa na miaka 54. Na pale hakujifunza kuchekesha, aliigiza vilevile kama daktari siriasi na ule usiriasi ndo uliovunja watu mbavu. Yeye alihama kinyume chako na alihama na uso uleule.

Sasa Jim Carrey, maana umemtaja. Ni kweli aliweza, muvi zake mbili zilizotoka 1998 na 1999 ambazo hazikuwa za kuvuta uso zilimpa tuzo ya Golden Globe kila moja. Ila stori yake ina vipande ambavyo watu huwa wanaviruka. Oscar hawakumteua kwa hata moja. Na alihama akiwa juu kabisa, 1996 alikuwa kalipwa dola milioni 20 kwa muvi moja, kwa hiyo hata ikianguka nyumbani kunaliwa. Na baada ya hapo alirudi kwenye komedi, 2000 na 2003, na zikaingiza hela nyingi mno. Nakwambia haya kwa sababu naona umeweka picha ya daraja, ukishavuka umevuka, na ng'ambo kuna heshima. Kwa wengi walioijaribu hii njia ni kwenda na kurudi.

Na wapo walioijaribu ikawakatalia. Bill Murray mwaka 1984 alikuwa kwenye komedi ya kuwinda mizimu iliyojaza majumba ya sinema, na mwaka huohuo ikatoka muvi siriasi aliyoitamani kwa moyo wote, mpaka skripti alishiriki kuiandika. Ile siriasi ilianguka vibaya. Alijitenga na kazi kwa miaka kadhaa, akaenda Paris kusoma. Uteuzi wa Oscar aliupata kwa muvi iliyotoka 2003, karibu miaka 20 baadaye, akiigiza mtu mzima mpweke hotelini, na mtu huyo alikuwa anachekesha na anaumiza kwa wakati mmoja. Unaona urefu wa hiyo njia? Yeye alikuwa na akiba ya kumweka Paris, wewe una ada ya watoto watatu. Kwa hiyo nikikwambia fuata moyo nitakuwa nacheza na nyumba ya mwanamke ambaye hajanikosea chochote.

Haya, tuingie kwenye makaratasi, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Huo mkataba wa ya tano. Swali langu la kwanza ni kwamba yule jamaa ni wa nani? Nauliza kwenye karatasi, achana na mtaani. Wewe ndo uliyeanguka na kile kiti kabla prodyuza hajakujua, lakini jina, zile nguo, zile muvi nne, uliposaini ya kwanza ulisaini nini? Umeitafuta ile karatasi? Stan Laurel na Oliver Hardy, wale mwembamba na mnene, miaka ya 1950 televisheni ilipoingia majumbani muvi zao za zamani zilirushwa tena na tena, watoto ambao hawakuwepo wakati zinatengenezwa wakawapenda upya, na wao wawili hawakuwa wanalipwa kwa kurushwa kule, maana muvi hazikuwa mali yao. Nawaza hilo kila nikiona vile vipande vyako vinavyozungushwa kwenye simu. Umeandika kwamba watu wamekuchoka, lakini mtu aliyechokwa video yake haisambai mpaka inamfufua prodyuza. Inawezekana walichoka ile skripti, kama ulivyochoka wewe, na wewe bado wanakutaka. Hapo pana tofauti kubwa na ina thamani ya hela.

Sikwambii usaini wala usisaini. Nakwambia simu kapiga yeye, na mkataba wa kwanza kutumwa huwa ni mahali pa kuanzia maongezi. Tafuta mwanasheria anayejua kazi za sanaa, hata kama ni kwa kulipana kidogokidogo, na myaangalie yale mambo matatu yaliyokukaba.

La mwili kwanza, maana hilo halirudi. Buster Keaton, yule mchekeshaji wa muvi za zamani zisizo na sauti, alikuwa bingwa wa kuanguka, hakuna kitu hakuangukia, na mwaka 1924 wakati wanashuti maji yalimwagika juu yake yakampiga chini, akaumwa kichwa siku chache akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari anamwangalia kwenye eksirei akamwambia shingo yako ilishawahi kuvunjika. Hakuwa anajua! Wewe unajua, daktari ameshakwambia, na kilo 14 umezitoa kwa jasho. Je, prodyuza akiambiwa kwamba maanguko yatafanywa na mtu mwingine, picha ikatwe, wewe uje kuinuka, atakataa? Na je, yule jamaa aliyepungua, anayeogopa kuanguka kwa sababu amezeeka, hawezi kuwa ndo stori yenyewe ya sehemu ya tano? Mi si mwandishi wa muvi lakini hiyo ningeiangalia. Anaweza kukubali, anaweza kukwambia basi achukue mwingine ampe zile nguo. Hiyo hatari ipo na uiweke mezani kabla hujafungua mdomo.

La mwaka mzima bila kuonekana kwingine ndo linalokufungia mlango wa kijana. Inawezekana hilo linapunguzika, linaweza kuwa muvi za vichekesho tu, au miezi mitatu. Inawezekana kijana anaweza kushuti kabla, au akasubiri. Umemuuliza? Umeziandika hizi kazi mbili kama wake wenza wasioweza kukaa nyumba moja na huenda ni kweli, ila kwenye barua yako sijaona mahali ulipouliza tarehe.

La tatu ni uhuru. Keaton huyohuyo mwaka 1928 aliacha kutengeneza muvi zake kwa namna yake akaenda kuajiriwa kampuni kubwa, hela ya uhakika, na kumbe huko kila kitu kina mtu wa juu wa kukipitisha. Ikafuata pombe, ndoa ikavunjika, 1933 wakamfukuza. Mwenyewe alikuja kusema lilikuwa kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi yake. Nimemtaja kwa sababu na wewe uliandika "we tuchekeshe tu" na nikasikia uchovu. Kama ukirudi, utakuwa na neno kwenye skripti au utaletewa asubuhi? Na nimalizie habari yake usije ukabaki na nusu. Baada ya miaka ya kuandikia wengine vichekesho televisheni ilimrudisha, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima. Mke aliyemuoa 1940 alikuwa naye mpaka anakufa.

Sasa kwa kijana. Skripti iliyokupeleka bafuni si ya kudharau, mimi naamini machozi ya mtu wa miaka 44 aliyekwisha kusoma skripti mbovu nyingi. Ila asilimia kumi ya faida, mwanangu, faida ni kinachobaki baada ya kila mtu kutoa gharama zake, na gharama zina tabia ya kuongezeka. Mara nyingi hakibaki kitu. Kama hana hela kweli basi muongee asilimia ya mapato kabla ya makato, hata kama ni ndogo zaidi, iandikwe na isainiwe. Muulize pia kamera anatoa wapi, muvi ikiisha itaonyeshwa wapi, na wasipopata wa kuinunua mpango wake ni upi. Akikasirika kwa kuulizwa hiyo nayo ni taarifa. Na kuna hatari moja ambayo hela haiitibu, unaweza kuigiza vizuri kupita maelezo, unamlilia mtoto kwenye skrini, na watu ukumbini wakacheka kwa sababu tu ni wewe. Utalibeba? Sijasema usiende, nimeuliza tu kama umelikalia hilo usiku mmoja.

Rowan Atkinson yeye Mr. Bean wake, aliyemtunga na mwenzake Richard Curtis, hakumzika. Alianza kuonekana kwenye televisheni 1990, na 2012 kwenye ufunguzi wa Olimpiki London bado dunia nzima ilimcheka, na 2016 mtu huyohuyo akaonekana akiigiza mpelelezi Maigret, kimya, mzito, hakuna mzaha. Kuna waliozoea na kuna waliokataa kuzoea. Ila yeye ana sehemu yake kwenye yule mhusika, na ndo maana nakurudisha kwenye ile karatasi ya kwanza.

Zipo njia nyingine pia ambazo hukuziandika, sijui ni kwa sababu huzitaki au hukuziona. Unajua kuanguka bila kufa na kuinuka kwa uso, hao vijana wa video za dakika moja hawajui, na wana watazamaji ambao wewe huna. Ukiwafundisha, ukiwaandikia, ukionekana kwao dakika moja moja, sijui italipa kiasi gani na huenda mwanzoni isilipe kitu. Na kuna kukaa pembeni kwa muda. Rick Moranis alikuwa juu sana kwenye komedi, mke wake akafariki 1991, na ndani ya miaka michache akapunguza kazi mpaka akaacha ili alee watoto wake. Yeye alichagua, wewe ulichaguliwa, naelewa si sawa, ila nimemtaja ili ujue kukaa nyumbani na watoto hakumfanyi mtu kuwa alishakufa, hata watu waandike nini chini ya video.

Nimemuacha mama watoto mwisho na siyo kwa udogo. Umeandika kimya chake kinakumaliza, lakini hujaniambia hata mara moja kwamba ulimuuliza anawaza nini. Umekisoma kile kimya kama dharau, au huruma, ambayo kwako naona ni mbaya zaidi. Je, kama ni woga? Je, kama na yeye anakuona usiku hulali na anaogopa kukugusa ukavunjika? Inawezekana pia amechoka kweli na ana hasira na hana pa kuisemea kwa sababu anakuona umeinama. Sijui, na wewe hujui, na mkataba unatakiwa kusainiwa mwisho wa mwezi. Rafiki umewaambia wakacheka. Huyu aliyebeba nyumba miaka miwili anazo habari za hizo simu mbili? Ukimwonyesha karatasi zote mbili, na zile skripti, kabla hujaamua, anaweza kusema usilotaka kusikia. Lakini kuna kitu kizito kuamua peke yako kwa aibu halafu ukamletea jibu.

Na hilo la kutolala miezi minne na kula kwa sababu chakula kimewekwa, mwanangu, hilo lisisubiri kazi ipatikane. Daktari wa magoti umemsikiliza mpaka kilo 14 zimetoka, sasa nenda kwa daktari au mnasihi umwambie la usingizi, mwambie na hilo la kumzika mtu, mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Kama kuna usiku huwa unawaza bora usiamke, usingoje asubuhi, mwamshe mkeo. Mtu wa vichekesho akisema anaumia watu hudhani anatania, umeshaliona hilo kwa rafiki zako, kwa hiyo sema mara mbili, na uketi chini ukisema.

Ukishaongea na mama watoto na ukaipata ile karatasi ya kwanza niandikie tena, hata kama hujaamua, hata kama umeamua tofauti na ulivyodhani. Na kuna kitu kimoja nimekitafuta kwenye barua yako juu mpaka chini sikukiona. Yule mtoto wakati anafungwa plasta mkononi alikuuliza kama ulikuwa huogopi. Ulimjibu nini?